Jinsi Tumbo Langu Lilivyoposa Mbulu

Ashukuriwe Mungu aliyemfinyanga Adamu kwa udongo mmoja, kisha akatuachia sisi kazi ya kubishana udongo wa nani ni bora. Asifiwe kwa magoti yaliyokwenda na kurudi, kwa dada wanaosema kweli bila kuombwa, na kwa matumbo yote aliyoyaumba, yale yanayofanya kazi na hata yale yanayofanya kazi kupita kiasi. Yeye hana haraka, na njia nzima alinikumbusha kwamba mimi pia sina sababu ya kuwa nayo.

Wapendwa wa jumuiya yetu ya Busanza, nanyi wa Kagugu mnaojifanya hamna hamu ya kujua: tangu nirudi mnanisimamisha baada ya misa na kuuliza, "Katekista, ilikuwaje huko?" Kisha kabla sijafungua kinywa mnacheka. Maana yake ni kwamba dada yangu Konsolata amekwisha kuwasimulia. Basi naandika ili angalau mcheke kwa mpangilio.

Kwa asiyejua chanzo: mjukuu wangu Aimable anafanya kazi katika maabara wanakosoma vinasaba vya watu, wajue mababu zetu walitoka wapi, wakapita wapi, na wakachanganyika na nani bila kutuomba ruhusa sisi wajukuu. Humo maabara akamkuta Paskalina, binti wa Mbulu, Tanzania, aliyekuja Kigali kujifunza kazi hiyohiyo. Wakapendana wakitazama mate ya watu wengine. Sisi tulipendana kwenye kwaya, lakini kila kizazi kina maua yake.

Baba yake Aimable hayupo tena duniani, hivyo kuposa lilikuwa jukumu langu. Paskalina naye alilelewa na babu yake, Mzee Tluway. Kabla hajatangulia nyumbani kutuandalia njia, alituambia waziwazi, bila machozi na bila kuzunguka: "Babu ndiye aliyenilea. Akikubali, naolewa. Akikataa, siolewi." Nilimpenda kwa hilo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana hapa Kigali sijawahi kwenda kuposa nikarudi mikono mitupu. Majivuno ni mzigo mwepesi sana wakati wa kufunga safari.

Busanza hadi Kabuga

Ndege zinazotua Kanombe hupita juu ya bati langu chini kiasi kwamba nayajua magurudumu yao. Konsolata alishauri tupande mojawapo. Nikamwambia Abrahamu alikwenda Kanaani kwa miguu.

"Abrahamu hakuwa na magoti yako, kaka," akajibu.

Tukapanda basi.

Mabasi ya Kigali yana tabia moja mbaya sana: huondoka saa iliyoandikwa. Mimi na Aimable tulikuwa vitini mapema, na mapajani nimepakata igisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa ambacho vijana wa siku hizi wanakijua kwa picha tu. Kilikuwa cha marehemu mke wangu, Verediana. Mikono yake ilikisugua mpaka kikang'aa kama kiatu cha askari, na siku zake za mwisho aliagiza apewe mke wa Aimable, si mtu mwingine. Kwa hiyo sikukubali kiende kwenye buti na mabegi.

Konsolata, anayekaa Kagugu, hakuonekana. Nikamsihi kondakta asubiri kidogo.

"Mzee, bisi iko naenda. Saa imefika."

"Ni dada yangu, yuko njiani."

"Na sisi tuko njiani, mzee. Tutakutana mbere."

Na kweli walikutana mbele. Tulipokaribia Kabuga, pikipiki ilitupita ikipiga honi bila kupumua, na nyuma yake amekaa Konsolata, kofia ya abiria imemwangukia jicho moja, kitenge kinapepea kama bendera ya nchi ambayo bado haijatambuliwa. Abiria wakapiga kelele mpaka basi likasimama. Akaingia, akaketi, akapanga nguo zake kwa utulivu wa malkia, ndipo akanigeukia.

"Hukuniombea?"

"Nilikuombea."

"Ungemwomba dereva."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wetu mwema.

Kabla hatujafika Kayonza, Aimable aliinama karibu nami, akaniita babu kwa Kinyarwanda. "Sogokuru, nataka kukuambia jambo kuhusu matokeo ya mate yako."

Niwaeleze habari ya mate. Aliponiletea kichupa nitemee, nilikataa kwa majuma. Ninyi mnajua sababu. Watu walikuja kwenye vilima hivi na vyuma vya kupimia, wakapima pua za babu zetu na vichwa vyao kama mtu anayenunua mbuzi, wakatuandikia sisi ni akina nani. Tulikisoma kile walichoandika, na tukakiamini, na makaburi yetu yanajua yaliyofuata. Nilimwambia mjukuu wangu: "Jana rula, leo kichupa. Kesho mtatupima nini?"

Hakupandisha sauti. Alisema, "Sogokuru, ile rula ilianza na jibu, kisha ikatafuta pua. Mate yanasema kinyume. Hakuna mtu safi. Ukimchukua yeyote hapa Rwanda, ndani yake kuna wakulima waliotoka magharibi, kuna wafugaji waliotoka kaskazini, na kuna wawindaji waliokuwepo kabla ya wote hao. Tunatofautiana vipimo vya mchanganyiko tu, kama chai ya nyumba mbili."

Nikatema. Si kwa sababu nilielewa yote, bali kwa sababu nilipenda habari ya chai.

Baadaye alitusimulia jambo jingine, ndilo lililonipeleka mbio mpaka Mbulu. Watu wengi duniani, alisema, wakishatoka utotoni matumbo yao hukataa maziwa mabichi. Lakini zamani sana, kwa baadhi ya wafugaji wa pande zetu hizi za Afrika, yalitokea badiliko dogo katika vinasaba, kama herufi moja katika kitabu kizima, na mwenye herufi hiyo hunywa maziwa mpaka uzeeni bila kuugua. Herufi hiyo ilishuka na ng'ombe kuja kusini, na leo inaonekana kwa watu wengi wa Mbulu, na inaonekana pia kwa baadhi yetu.

Kwa baadhi yetu! Baada ya hapo sikusikia tena alichosema. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ya ng'ombe, niliyebatizwa, kama alivyopenda kusema baba yangu, kwa maji na kwa maziwa! Ni kweli kwamba maisha yangu yote nimekunywa ikivuguto, maziwa yaliyogandishwa, na yale mabichi nimewaachia ndama kwa heshima. Hilo nililiona ni suala la ladha tu.

Kwa hiyo Aimable alipoinama kuniambia matokeo, nilimpiga begani. "Nayajua. Usinimalizie utamu. Nitayatangaza mimi mwenyewe mbele ya wakwe."

"Lakini Sogokuru—"

"Kijana, katika kuposa mtu mmoja ndiye husema."

Akanyamaza. Tulimlea vizuri mno, hilo ndilo kosa letu.

Rusumo

Hapo Rusumo mto unaanguka kwa kishindo, daraja linavuka, na magari yanahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Huwa nastaajabu kwamba dereva anaweza kubadilika kwa hatua chache hivyo, na sisi wengine tunahitaji mafungo ya Kwaresima.

Sitawachosha na madirisha ya uhamiaji. Lakini afisa mmoja wa upande wa Tanzania, kijana mwenye adabu, alisimama mbele ya igisabo.

"Shikamoo mzee. Hii ngoma mnapeleka wapi?"

"Marahaba. Si ngoma, ni kibuyu cha maziwa."

"Maziwa yenyewe yako wapi?"

"Bado yako kwa ng'ombe."

"Na ng'ombe?"

"Wako Mbulu."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akakigonga kwa kidole, kikatoa sauti, akasema, "Mbona kinalia kama ngoma?" Madereva wa malori waliokuwa wakingoja zamu yao wakaja kutoa ushauri wa kitaalamu. Mmoja alisema ni zeze lisilo na nyuzi. Mwingine alisema amewahi kuona wachawi na kitu kama hicho, akarudi nyuma hatua moja. Konsolata akawaambia kama ni uchawi, basi waanze kusogea, maana yeye ndiye mwenye kuufungua. Wakasogea wote.

"Mzee," akasema yule kijana, "Mbulu wana vibuyu mpaka vya kuuza. Mnabebaje kibuyu kupeleka Mbulu?"

"Hiki ni cha mke wangu. Hayupo tena. Nakipeleka kwa mchumba wa mjukuu wetu."

Kijana akakitazama, safari hii bila kukigonga. Akakibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka kwenye basi, akakiweka mapajani mwangu kama mtu anayerudisha mtoto mchanga kwa mama. Mungu ambariki popote alipo, na ampe wakubwa wasiopenda kugonga vitu.

Kahama, Nzega, Singida

Kutoka Kahama tulipanda basi jingine. Nyuma yetu alikaa bwana mmoja mnene, mfanyabiashara wa mchele, Msukuma, na tangu tulipoondoka yeye na kondakta walikuwa wakitukanana.

"Wewe," alisema mfanyabiashara, "siku ukifa mimi ndiye nitakayechimba, na nitakuja na jembe butu makusudi."

"Njoo nalo," akasema kondakta. "Nyie hata msibani mnaulizia wali kabla ya marehemu."

Aimable alianza kutafuta mlango wa dharura. Kwetu mtu akisema hivyo, majirani huita viongozi wa mtaa. Kisha nikamwona mfanyabiashara akivunja muhindi wa kuchoma katikati na kumpa kondakta nusu kubwa. Mimi na Konsolata tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa hiyo yeye ndiye aliyemfundisha mtaalamu wetu.

"Hao ni watani," akamwambia. "Makabila yao yalikubaliana zamani. Mtani anakutukana, anakuibia kuku mbele ya macho yako, na ukifa yeye ndiye anayekuzika huku anakuigiza. Huwezi kumkasirikia. Si ndugu, si mgeni."

"Na wanaoana?"

"Wanaoana sana. Unadhani matusi yote yale yanaishia wapi?"

Mfanyabiashara aliposikia kazi ya Aimable, aliinuka akaegemea kiti chetu. "Kijana, nikikutemea mate, utaniambia babu yangu alitoka wapi?"

"Nitakuambia walitoka pengi, mzee."

"Pengi wapi? Sisi ni wa hapahapa."

Aimable, ambaye kwenye posa haruhusiwi kusema, alipata basi zima la wasikilizaji. Alieleza kwamba kuna sehemu ya vinasaba inayopita kwa mama tu, kutoka bibi hadi bibi, na nyingine inayopita kwa baba tu, na kwamba mara nyingi hadithi hizo mbili hazifanani. Mtu anaweza kuwa na mababu waliokuja na majembe kutoka magharibi, na mabibi waliokuwa hapa tangu zamani wakichimba mizizi na kufuata asali.

"Ngoja," akasema mfanyabiashara. "Yaani bibi yangu ndiye mwenyeji, na babu yangu ndiye mgeni?"

"Huenda ikawa hivyo."

"Ndiyo maana alikuwa anamfukuza kila siku!"

Basi lilicheka mpaka dereva akageuka kutazama, jambo ambalo sikulipenda. Aimable akaendelea kwamba binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko popote, hivyo abiria wawili wa basi hili wanaweza kutofautiana ndani kuliko watu wawili waliozaliwa miisho tofauti ya mabara mengine. Walioondoka kwenda kujaza dunia walikuwa kikundi kidogo tu, kama tawi lililokatwa kwenye mti. Nikawakumbuka wale wenye vyuma vya kupimia. Kumbe tawi ndilo lililokuja kuupima mti! Nikamsamehe kila mmoja wao, kisha nikacheka kidogo, kisha nikaomba radhi kwa kucheka.

Kabla ya Singida gari likaharibika. Fundi alisema ni kitu kidogo, na kwa uzoefu wangu kitu kidogo ndicho huchukua siku nzima. Nikatoa rozari. Konsolata akatoa viatu. Tulipofika mjini hatimaye, tulikwenda kula wale kuku wanaosifiwa nchi nzima. Yule niliyepewa mimi alikuwa mwanariadha. Nilitafuna sala nzima ya Nasadiki bila kumeza.

"Mama," nikamwambia mpishi kwa upole, "kuku huyu alikufa lini?"

"Huyo hakufa, baba. Alistaafu."

Aimable alitumia nafasi ile kinywa changu kimejaa. "Sogokuru, yale matokeo yako—"

Nikamwinulia kidole. Mtu asiyeweza kusema bado anaweza kukataza.

Kupanda Mbulu

Kutoka Babati njia inapanda mpaka masikio yanaziba, na juu kuna ukungu, mashamba ya maharage kwenye miteremko, na baridi inayomfanya Mnyarwanda ajisikie nyumbani na kuuliza koti liko wapi. Paskalina alitupokea barabarani. Alipokea igisabo kwanza, mimi baadaye, na nikaona hiyo ni dalili njema.

Mzee Tluway alikuwa ameketi mbele ya nyumba, mrefu hata akiwa ameketi, blanketi begani na rozari kiunoni. Ni mzee wa kanisa kama mimi. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu, Katekista. Nimeambiwa unatoka mbali. Unaonekana."

Kabla ya maneno yakaja maziwa, yametoka kwa ng'ombe muda huohuo, yana povu na joto. Kwetu huitwa inshyushyu. Nikanywa kibuyu cha kwanza. Nikaomba cha pili ili wakwe waone. Cha tatu nilikunywa nimesimama, nimefunga macho, kama mtu anayekula kiapo. Aimable alikuwa akinitikisia kichwa kwa nguvu, nami nikadhani anasisimka.

Sasa, ninyi mnajua tunavyoposa. Kwetu wenye binti hukataa kwanza. Husema hayupo, husema ameingia utawa, husema ameposwa na mwingine, na wote tunajua ni mchezo. Msemaji wa upande wetu hushinda kwa kufuma maneno mpaka ionekane kwamba familia hizi mbili zilikuwa kitu kimoja tangu zamani. Nani asiyejua kwamba katika kazi hiyo sina mpinzani kuanzia Kanombe mpaka mjini?

Nikasimama. Nikaeleza wafugaji wa kaskazini, ng'ombe wao, njia zao, ile herufi moja. Nikasema herufi hiyo iko katika damu ya Mbulu, na iko katika damu yangu. "Hatukuja kwa wageni," nikamalizia. "Tumerudi nyumbani. Mzee Tluway, mimi na wewe ni ndugu!"

Kuku mmoja akapita.

"Umesema sisi ni damu moja?" akauliza Mzee Tluway.

"Damu moja, maziwa mamoja!"

"Una hakika?"

"Wataalamu wamethibitisha."

"Basi binti simtoi."

Nikatabasamu. Mchezo ulikuwa umeanza, na mpinzani wangu alikuwa na uso mgumu wa kupendeza. Nikasimama tena, nikaongeza mababu wengine, nikawasogeza karibu zaidi, nikafikia kuwaweka babu yake na babu yangu wakinyonya titi moja.

"Katekista," akasema, "kila neno lako linamfungia huyu binti mlango."

Nikacheka, nikamsifu kwa ufundi wake. Konsolata akanivuta koti. "Kaka. Kaa chini. Huyu hachezi."

Hachezi kweli. "Kwetu ndugu haoi ndugu," akasema Mzee Tluway. "Ukoo wetu unakataza, na kanisa linakataza, na wewe uliyefundisha wachumba unajua kuliko mimi. Siku matangazo ya ndoa yakisomwa, paroko ataulizia kizuizi. Nitasimama. Nitasema babu wa bwana harusi alikuja kwangu na kukiri kwa kinywa chake, mbele ya watu, bila kulazimishwa."

"Mzee," Aimable akajaribu, "undugu huo ni wa zamani sana—"

"Kijana, undugu si maziwa ugande uwe kitu kingine."

Paskalina alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu mkononi. Alikiweka chini polepole, akaondoka bila kumtazama mtu. Konsolata akamfuata. Nami nikabaki mbele ya mzee mwenzangu, mshindi wa posa zote za Kigali, nimemnyima mjukuu wangu mke kwa ufasaha wa hali ya juu.

Nikaomba kimoyomoyo, "Bwana, nifungulie njia." Na Mungu akajibu papo hapo, ingawa si njia niliyokuwa nikiifikiria. Tumbo likanguruma. Nikainuka, nikasema samahani kwa lugha tatu, nikakimbia.

Nyuma ya zizi

Choo kiko nyuma ya zizi la ng'ombe. Sitasema zaidi. Nilipita mbele ya wale ng'ombe mara nyingi hata wakaacha kuinua vichwa.

Asubuhi, nikitoka huko mwepesi kama roho, nilimkuta Mzee Tluway akikamua. Akajaza kikombe, akaninyooshea.

"Kunywa."

Nikakitazama. Povu likanitazama. "Siwezi, mzee wangu."

"Jana ulikunywa vibuyu vitatu."

"Jana nilikuwa ndugu yako."

Aliweka ndoo chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ana kikohozi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ng'ombe akasogea. Akapaza sauti kumwita Aimable, na wengine wote wakaja pia, Paskalina macho yamevimba.

"Kijana, ile herufi ya maziwa. Babu yako anayo?"

Aimable alinitazama kwa huruma. "Hana, mzee. Nimejaribu kumwambia tangu Kabuga."

"Na wewe?"

"Mimi ninayo. Naamini ilinifikia kwa bibi yangu."

Nikamkumbuka Verediana, asubuhi zote zile, akinywa inshyushyu amesimama mlangoni na kunicheka mimi na ikivuguto changu. Nilioa herufi hiyo na sikujua.

"Basi wewe ndiye ndugu," akasema Mzee Tluway, uso ukirudi kuwa mgumu. "Ni vibaya zaidi."

Hapo mjukuu wangu alisema, na hakuomba ruhusa yangu. "Mzee, aliyekuwa nayo wa kwanza aliishi kabla ukoo wako haujapata jina, kabla ya lugha yako na yangu. Herufi haina miguu. Haiwezi kuhama peke yake. Kila mahali pageni ilipofika, ilifika kwa sababu watu wasiojuana walioana. Kutoka kaskazini mpaka hapa, na kutoka hapa mpaka kwetu, kwa kila hatua kuna kijana aliyekuja na ng'ombe wake, na kuna mzee aliyekuwa ameketi kama wewe, akamtazama, akakubali. Ndicho tunachosoma kwenye mate. Tunasoma wazee waliokubali."

"Na waliokataa?"

"Hao hatuwasikii."

Mzee Tluway akageuka kumtazama ng'ombe wake. Ng'ombe alitafuna. Paskalina alikuwa ameshika mti wa zizi kwa mikono yote miwili.

"Katekista si ndugu yangu," alisema hatimaye. "Ndugu yangu hakimbii maziwa. Lakini mtu aliyekitumia choo changu namna hii siwezi kumwita mgeni pia. Nimwiteje?"

"Mwite mtani," akasema Konsolata.

Mzee akalionja neno hilo. Kisha akasimama, akapanga blanketi lake, akaninyooshea fimbo mbele ya jamaa yake yote. "Sikilizeni. Huyu mzee mwenye tumbo la karatasi, aliyetoka Kigali kuja kurutubisha shamba langu, tangu leo ni mtani wangu. Akifa, nitakwenda kumzika, na nitaeleza kaburini kilichomtokea hapa. Binti yetu ataolewa kwao, maana bila mtu wa Mbulu ndani, nyumba ile haina anayejua kunywa maziwa."

Nikafungua kinywa nijibu kwa ufasaha.

"Kaka," akasema Konsolata, "usithubutu."

Nikakifunga. Nikamkabidhi Paskalina igisabo. Alikifungua, akanusa ndani, ambako moshi wa jiko la Verediana bado uko, akakipakata kifuani. Saa sita mchana aliniletea kikombe, akapiga goti. "Babu, haya yameganda. Nimehakikisha." Nikanywa yote.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, na kuku wa Singida alikuwa, naamini, yuleyule. Rusumo nilimtafuta yule kijana nimwambie kibuyu kimefika, lakini zamu yake ilikuwa imekwisha.

Tangazo la kwanza la ndoa limekwisha kusomwa hapa kwetu na kule Mbulu. Mzee Tluway ameniletea ujumbe wa sauti kwamba katika tangazo la tatu atasimama kanisani kama alivyoahidi, si kwa kizuizi, bali kuwatangazia waumini kwamba siku ya harusi nitakuja na choo changu. Nimemjibu kwamba nitakuja pia na jembe butu. Sijawahi kutukanwa nikalala usingizi mzuri namna hii.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki kwa baraka alizowapa wale wazee walioketi milangoni, wakamtazama mgeni, wakasema ndiyo, mpaka wewe ukazaliwa. Akupe moyo wa kusema ndiyo zamu yako ikifika, na akujalie kunyamaza mapema kuliko nilivyonyamaza mimi. Amina.